Kitenzi cha Kiswahili na Majaribio ya Programu za Kompyuta

Programu ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili haina budi kujaribiwa kabla ya kukabidhiwa watumiaji. Ugumu wa kazi hiyo umo katika kitenzi, ambacho hubeba kiambishi cha kiima, ukanushi, njeo, kiambishi cha yambwa na mzizi. Ikichukuliwa, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba viambishi vya kiima ni 16, hali ni 2 (yakinishi na kanushi), njeo ni 5, nafasi ya yambwa ina uwezekano wa aina 17 (ukiwamo wa kuachwa wazi), na mizizi ni ya aina 3, yaani ya Kibantu, ya asili ya Kiarabu na ya silabi moja, miunganiko hufikia 8,160.

Ili kupunguza mzigo huo, wataalamu wa kompyuta hutumia mbinu ya jozi. Kompyuta huzalisha majaribio machache ambamo kila kipengele hukutana angalau mara moja na kila kipengele cha sifa nyingine. Hapa majaribio hayapungui 272, yaani 16 mara 17, kabla ya kuondoa miunganiko isiyokubalika kisarufi. Mbinu hii hunasa makosa yatokanayo na sifa mbili. Kwa mfano, kitenzi -la hubakiza ku- katika "anakula", lakini huidondosha yambwa inapoingia: "anamla".

Hata hivyo, "sijibu" huhitaji sifa nne zikutane: nafsi ya kwanza umoja, ukanushi, wakati uliopo na mzizi wa asili ya Kiarabu. Kiambishi "ni-" huwa "si-", ilhali irabu ya mwisho haibadiliki kama ibadilikavyo katika "sisomi". Miunganiko ya sifa hizo nne ni 480. Haiwezi kuenea yote katika majaribio 272. Hivyo programu yaweza kufaulu kila jaribio, kisha ikamfundisha mwanafunzi kwamba "sijibu" ni kosa na *sijibi ndiyo sahihi.

Suluhisho ni kuorodhesha kwanza miunganiko mahususi iliyo ya lazima, kisha kompyuta ikamilishe jozi zilizosalia. PICT, programu ya Microsoft, huruhusu utaratibu huo. Mizizi nayo iteuliwe kwa makini: -fikiri tayari huishia kwa i, hivyo huficha kosa ambalo -jibu hulifichua. Kompyuta huhesabu miunganiko. Kujua ni upi usioweza kuachwa ni kazi ya mwanaisimu.