Fahamu: Nanofluidi katika mitambo ya kupasha maji kwa jua

Nanofluidi ni kimiminika, kama maji, kilichochanganywa na chembe za metali au oksidi zisizozidi nanomita 100. Stephen Choi wa maabara ya Argonne, Marekani, alilitangaza jina hilo mwaka 1995.

Je, inafaa Kitale na Bungoma?

Kitale, nchini Kenya, iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ni baridi, na shule za bweni zinahitaji maji moto. Shaba hupitisha joto mara mia kadhaa zaidi ya maji, hivyo chembe chache zinaweza kuharakisha joto kutoka kwenye bamba linalopokea jua. Wapo wanaopinga wakisema kwamba chembe hutuama na pampu hulemewa. Ni kweli; tena nanofluidi inafaa mzunguko uliofungwa tu, kamwe si maji ya kuoga yenyewe. Kwa nyumba nyingi za Bungoma, kioo safi cha mtambo na tangi lisilopoteza joto vitangulie.