Poda ya mtoto kwenye mashine ya boti

Nilifika Nyamisati alfajiri kwa safari ya Kilindoni, Mafia, nikakuta safari haipo. Boti imefungwa kamba, mizigo nusu ndani nusu nje, abiria wamekaa juu ya magunia na watoto wao. "Mashine inatema oili," baharia mmoja aliniambia. "Fundi yumo chini." Nilichungulia chumba cha mashine nikitegemea kuona mtu na spana. Nikamwona mzee amepiga magoti, ameshika kopo la poda ya mtoto, anaipaka mashine ile kama anayemwandaa mjukuu baada ya kuogeshwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Usinikingie mwanga, mwanangu."

Nilisogea pembeni, na sikutoka tena mpaka jua lilipokuwa utosini.

Poda ilikuwa hatua ya mwisho ya kazi ya asubuhi nzima. Kwanza aliiosha mashine kwa dizeli na brashi, kisha kwa maji ya sabuni, kisha akaifuta kwa matambara hadi tambara jeupe likatoka jeupe. Kila shingo ya hosi, kila kichwa cha bolti. Alikata boksi la sabuni vipande vitatu, akaviandika moja, mbili, tatu kwa mkaa, akavitandaza chini ya mashine kuanzia mbele hadi kwenye giaboksi. Ndipo akachukua kitambaa chepesi cha pamba, akakitia poda, akawa anakigonga kwa kidole ili vumbi lishuke taratibu: chini ya tabo, pembeni mwa kifuniko cha tapeti, mahali mashine inapokutana na giaboksi. Mdomo wa kuvuta hewa aliupita mbali. Chumba kile chenye harufu ya dizeli na maji ya chumvi kikaanza kunukia mtoto mchanga.

"Oili haikai ilipotokea," alisema, macho yake yakiwa kwenye kazi. "Inashuka, inafuata ukingo wa chuma, na upepo wa kapi unairusha nyuma. Wewe unaona tone kwenye giaboksi, unafungua giaboksi. Tone lenyewe limetoka juu huko, limetembea. Mimi nataka kuliona likiwa njiani."

Boti ile ilikuwa imevuja miezi minne. Kila ikienda Mafia na kurudi iliongezwa lita mbili. Fundi wa kwanza aliona oili nyuma, akashusha giaboksi, akabadilisha sili ya kranki. Ikavuja. Wa pili alivua hosi ya hewa, akakuta oili ndani yake, akaihukumu tabo. Ikanunuliwa nyingine, iliyotumika, kutoka Dar es Salaam. Ikavuja. Nahodha aliyasimulia hayo akiwa amejiegemeza mlangoni, sauti ya chini, mtu aliyelipa mara mbili na yuko tayari kuambiwa alipe ya tatu.

Mashine ikawashwa. Dakika kumi hakuna kitu, poda nyeupe vilevile. Huko juu abiria walianza kushangilia. Fundi alitikisa kichwa. Aliagiza kamba ziongezwe, gia iingizwe na moto ukanyagwe boti ikiwa imefungwa. Kamba zilikaza, mbao zikalia, maji yakachemka shetrini. Akamulika tochi.

Kwanza kilitokea kijidoa cha kijivu, ukubwa wa punje ya mtama, kwenye shingo ya hosi inayotoka upande wa hewa wa tabo. Kikapanuka. Kisha ukachoreka mstari mwembamba, unasimama, unakusanya nguvu, unashuka tena, kama jasho linalotafuta njia shingoni. Dakika chache baadaye doa la pili likajitokeza mbali kabisa, nyuma ya kifuniko cha tapeti.

"Si tabo hiyo!" nahodha alisema.

"Ni tabo kweli inayotoa oili," fundi akajibu. "Lakini na huku je? Mambo mawili yameanza pamoja. Yana mzazi mmoja."

Hapo alifanya jambo ambalo hadi leo nikifumba macho naliona. Aliamuru mashine ipunguzwe moto, akalegeza kifuniko cha kujazia oili, akakiacha kimekaa tu mdomoni bila kukazwa. Kikaanza kucheza. Kilirukaruka kama mfuniko wa sufuria ya uji, na moshi mzito ukatoka kwa mikupuo pembeni mwake. Akanishika mkono, akanisogezea kiganja juu ya mdomo ule. Ulikuwa unasukuma.

Tabo inapokea moshi wa eksozi, moshi unazungusha panga, na panga la upande wa pili linashindilia hewa kwenye silinda; Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo hilo mwaka 1905. Tabo ndogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na shafti yake haigusi chuma, inaelea kwenye utando wa oili. Oili hiyo ikishapita hairudishwi na pampu. Inateremka yenyewe kwa bomba hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya mashine.

"Sasa sampu ikijaa pumzi, itateremka vipi?" fundi aliuliza. Moshi kidogo wa silinda hupenya kwenye ringi za pistoni hata mashine ikiwa nzima, na hutakiwa utoke kwa bomba la kupumulia, mafundi huliita briza. Briza ikiziba, pumzi inabaki tumboni. Inaizuia oili ya tabo isishuke, nayo inajaa na kupenya kwenye sili zake. Inasukuma gasketi ya tapeti. Inasukuma sili ya kranki. Alizima mashine, akavua hosi, akaingiza vidole viwili na kuitikisa shafti ya tabo. Kando kwa kando ilicheza kidogo, mbele na nyuma haikucheza, panga halikugusa ukuta. "Nzima hii."

Akafuata bomba la briza kwa mkono, nyuma ya mataruma, gizani. Akavuta kitu. Chupa ya maji ya kunywa, imejaa uji wa rangi ya maziwa na kahawa, shingo yake imekazwa kwenye bomba kwa mpira wa tyubu.

Kijana mmoja wa botini alisema ni yeye aliyeiweka. Bomba lilikuwa linadondosha matone kwenye mbao na moshi wake unawatapisha abiria, hivyo alitaka kuwasitiri watu.

"Uliifunga lini?"

"Kabla ya Ramadhani, mzee."

"Na kuvuja kulianza lini?"

Kijana aliinamisha kichwa. Fundi hakumgombeza. Alimwambia akatafute bomba refu zaidi alitoe nje, lisikunjwe mahali popote, na mdomo wake uangalie chini.

Nilimwuliza kama hili ni jambo la kusimamishia watu safari. Alinionyesha sehemu ya moto ya tabo, kiganja kimoja tu kutoka kwenye lile doa. Kanuni za meli kubwa zinataka chuma chenye joto linalozidi nyuzi 220 kifunikwe pale mafuta yanapoweza kukirukia. Boti hii ilikuwa na gunia kuukuu lililofungwa kwa waya.

Na zile lita mbili za kila safari? Zilikwenda kwenye ngama, na ngama hufuliwa kwa pampu, hapo hapo kwenye mto. Nilitoka nje nikatazama mizizi ya mikoko, ina mstari mweusi usawa wa maji kujaa. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu mwaka 2004, na hifadhi ya bahari ya Mafia ipo tangu 1995. Mkataba wa MARPOL unaitaka meli ya tani 400 na zaidi isimwage maji yenye mafuta kupita sehemu 15 kwa milioni. Ngama ya boti ya mbao anaipima nani?

Bomba jipya lilipofungwa alipaka poda upya, wakakanyaga tena moto. Shingo ya hosi ikabaki nyeupe. Tapeti nyeupe. Nahodha akacheka kwa mara ya kwanza. Kisha fundi akavuta vile vipande vya boksi: moja kavu, mbili kavu, na kwenye cha tatu tone moja, jeusi, bichi.

"Sampu inaliwa na chumvi kwa chini," alisema. "Au sili waliyoibadilisha haikukaa sawa. Hapo sijui mpaka ipandishwe pwani."

Maji yalikuwa yamejaa, abiria wanaitana. Nahodha alimfuata akiwa anafunga vifaa vyake, akamwuliza kuhusu tabo ya mwanzo, ile waliyoivua: nayo ilikuwa nzima?

"Iko wapi niitazame?"

"Tuliiuza, fundi. Chuma chakavu."

Fundi alifuta mikono, akafunika kopo lake la poda, akapanda ngazi.