Gari la kawaida linapoingia uwanja wa dragi

UBISHI kuhusu nani mwenye gari lenye kasi zaidi ni wa siku nyingi. Nchini Marekani, vijana wengi waliumaliza barabarani usiku, na matokeo yake yalikuwa ajali. Ili kukabiliana na hali hiyo, mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha mbio za dragi, NHRA, huko California. Mashindano yake rasmi ya kwanza yalifanyika Pomona, Aprili 1953.

Hadi leo, viwanja vingi vya nchi hiyo hutenga siku maalumu kwa wenye magari ya kawaida, yakiwemo ya michezo yanayotumika pia kwenda kazini. Magari mawili husimama sambamba na kukimbia robo maili, yaani mita 402, katika njia iliyonyooka.

Kabla ya hapo, wakaguzi huangalia breki, matairi, mikanda ya usalama, jinsi betri ilivyofungwa na kama kuna mafuta yanayovuja. Dereva hutakiwa kuzima kiyoyozi, kwa kuwa matone ya maji yake yanaweza kumtelezesha anayefuata. Mwenye matairi ya kawaida hushauriwa pia kulizunguka dimbwi la kulowanishia matairi, kwani mifereji ya matairi hayo hubeba maji hadi kwenye mstari wa kuanzia.

Taa za njano zikishawaka, kijani humruhusu dereva kuondoka. Anayetangulia huwashiwa nyekundu. Hata hivyo, saa inayopima mwendo huanza pale gari linapoondoka, si taa inapowaka. Muda wa dereva kuitikia taa hupimwa peke yake. Ndiyo maana mtu anaweza kupata muda mzuri zaidi wa mwendo na bado akashindwa, kwa sababu tu alichelewa kuondoka.

Karatasi ya matokeo huonyesha pia muda wa mita 18 za mwanzo, na hapo ndipo wengi hujifunza kuwa nguvu za injini pekee hazitoshi. Anayekanyaga mafuta kwa pupa huona matairi yakizunguka bila kushika lami, huku mwenye injini ndogo akimwacha.

Kadiri muda unavyopungua, ndivyo masharti yanavyoongezeka. Kwa kanuni za NHRA, anayemaliza robo maili kwa sekunde 13.99 au chini ya hapo lazima avae kofia ngumu. Magari yenye kasi kubwa zaidi hudaiwa fremu ya chuma ya kumkinga dereva gari likipinduka, ingawa masharti hayo hutofautiana kulingana na mwaka wa gari.

Mfano unaokumbukwa ni Dodge Challenger SRT Demon ya mwaka 2018, yenye nguvu za farasi 840. NHRA ilithibitisha muda wake wa sekunde 9.65, lakini gari hilo, kama lilivyotoka kiwandani, halikuruhusiwa katika mashindano yake kwa kukosa fremu hiyo.

Kwa anayeona masharti hayo kuwa usumbufu, jibu liko nje ya geti la uwanja. Barabarani hakuna mkaguzi wala ukuta wa kutenganisha magari na watu, na mtembea kwa miguu anayevuka hajui kwamba mbele yake kuna mashindano.