Saa yako inatembea, lakini je, ni nzima?

Na Mwandishi Wetu

SAA ya mkononi isiyotumia betri ni miongoni mwa vyombo vichache ambavyo baba anaweza kumwachia mwanawe, naye akaja kumwachia wa kwake, huku chombo kikiendelea na kazi ileile. Simu hudumu miaka michache na redio hupitwa na wakati, lakini saa ya ufunguo au ya otomatiki iliyotunzwa ipasavyo huweza kupita nusu karne ikiwa bado mkononi.

Hata hivyo, saa nyingi za aina hiyo hazifi kwa uzee. Huharibiwa taratibu na wenye nazo, tena bila wao kujua. Chanzo kikubwa ni imani iliyozoeleka kwamba maadamu saa inatembea basi ni nzima, na kwamba fundi ni wa kwendewa siku itakaposimama. Mwenye gari hangojei injini ife ndipo abadilishe oili, lakini mtu huyohuyo huweza kuvaa saa kwa miaka 15 bila kuifungua, na siku inaposimama hushangaa kuambiwa gharama ya kuifufua inakaribia bei ya saa yenyewe.

Ili kuelewa kwa nini hali huwa hivyo, hapana budi kwanza kujua kinachoendelea ndani ya kasha.

Mashine isiyopumzika

Ndani ya saa ya ufunguo mna kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa. Unapotia ufunguo unaikaza, nayo inapojikunjua hugeuza magurudumu ya meno yanayoendesha mishale. Kinachoizuia isijikunjue yote kwa mara moja ni gurudumu dogo linalokwenda na kurudi bila kukoma, likiongozwa na kamani nyingine nyembamba kama unywele. Kila linapokwenda au kurudi, magurudumu mengine huruhusiwa kusogea hatua moja tu. Huo ndio mlio unaousikia ukiiweka saa sikioni.

Saa ya otomatiki ni hiyohiyo, ila imeongezewa kizito chenye umbo la nusu duara ambacho huzunguka mkono unapotikisika na kukaza kamani. Mwingereza John Harwood alipata hataza ya saa ya mkononi ya namna hiyo katika miaka ya 1920, na mwaka 1931 Rolex ilitoa mashine ambayo kizito chake huzunguka duara zima. Kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza Seiko 5 mwaka 1963, na hiyo ni miongoni mwa saa zilizofanya otomatiki kuwa chombo cha mtu wa kawaida.

Mashine nyingi za kawaida hupiga mapigo 21,600 kwa saa moja, sawa na mapigo sita kwa sekunde. Kwa siku ni mapigo 518,400, na kwa mwaka mzima ni zaidi ya milioni 189. Ncha za vyuma vinavyobeba mzigo huo ni nyembamba mno, nazo huzunguka ndani ya vijiwe vyekundu vya yakuti iliyotengenezwa kiwandani, kwa kuwa yakuti ni ngumu na hailiki upesi. Kwa hiyo saa inapoandikwa usoni kuwa ina vito 17 au 21, hayo si maneno ya urembo.

Kati ya ncha hizo na yakuti huwekwa mafuta maalumu, kila tone likiwa dogo kuliko kichwa cha pini. Mafuta hayo ndiyo yanayoamua umri wa saa. Miaka inavyopita, hukauka, huganda au huhama mahali pake. Saa haisimami siku hiyo, kwa sababu kamani bado ina nguvu ya kuisukuma. Inaendelea kutembea, lakini sasa chuma kinasagana bila kilainisho, na vumbi linalotokana na kusagana huko huchanganyika na mabaki ya mafuta likawa kama msasa. Saa inayosimama mapema kwa sababu ya uchafu ina nafuu, kwa kuwa itasafishwa tu. Inayolazimishwa kutembea ikiwa kavu hula vipuri vyake yenyewe.

Ndiyo maana watengenezaji huweka muda wa matengenezo hata kama saa haina tatizo. Omega hutaja kati ya miaka 5 na 8, Rolex hutaja miaka 10 hivi kwa saa zake za sasa, na kwa saa nyingine nyingi miaka 3 hadi 5 ndiyo kawaida.

Kipimo cha nyumbani

Msomaji anaweza kujipimia hali ya saa yake bila kifaa chochote. Mashine nyingi zikijazwa ufunguo hutembea kwa takriban saa 40 kabla ya kusimama. Jaza ufunguo Ijumaa saa mbili usiku, kisha iweke mezani bila kuigusa. Saa yenye afya inapaswa kuwa bado inatembea hadi karibu na Jumapili saa sita mchana. Ikisimama Jumamosi adhuhuri, ina jambo.

Kipimo cha pili ni kulinganisha saa na simu kwa siku saba mfululizo na kuandika tofauti. Mtu asitarajie ukamilifu. Hata saa zinazopewa cheti na taasisi ya Uswisi ya COSC, baada ya kupimwa kwa siku 15, huruhusiwa kwa wastani kuchelewa hadi sekunde 4 au kutangulia hadi sekunde 6 kwa siku. Saa ya bei ya kawaida huweza kupotoka sekunde 20 na isihesabiwe mbovu. Linalopaswa kumshtua mwenye saa ni mabadiliko. Saa iliyozoea kutangulia sekunde 10 ikianza kuchelewa dakika mbili, inaomba kuonwa na fundi.

Kutia ufunguo

Saa ya ufunguo hupewa ufunguo mara moja kwa siku, ikiwezekana wakati uleule, hadi kifundo kitakapokataa kugeuka. Hapo ndipo mwisho, na kulazimisha ni kukata kamani au kuvunja meno. Saa ya otomatiki haina hofu hiyo, kwa kuwa kamani yake ikijaa huteleza ndani ya kikombe chake.

Wapo wanaolalamika kwamba otomatiki zao husimama usiku ilhali wanazivaa kila siku. Mara nyingi kosa si la saa. Mtu anayekaa ofisini mbele ya kompyuta kutwa nzima hautikisi mkono kiasi cha kutosha kuijaza kamani. Tiba ni kuigeuza kifundo mara 20 au 30 asubuhi. Baadhi ya mashine, kama 7S26 iliyotumika katika Seiko 5 nyingi, haziwezi kutiwa ufunguo kwa mkono. Hizo huyumbishwa polepole kulia na kushoto kwa nusu dakika, kisha huvaliwa. Hakuna haja ya kuzitikisa kama chupa ya dawa.

Tarehe na saa za Kiswahili

Vijitabu vya maelekezo huonya kwamba tarehe isibadilishwe kwa njia ya haraka mishale ikiwa kati ya 9 na 3 za usiku. Kwa Kiswahili hiyo ni kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa usiku. Katika kipindi hicho meno ya gurudumu la tarehe huwa tayari yameshikana ili kuisogeza tarehe usiku wa manane, na kuilazimisha kunaweza kuyavunja.

Ugumu ni kwamba saa iliyosimama haisemi kama imesimama mchana au usiku. Njia salama ni hii: sogeza mishale kwenda mbele hadi yote iwe chini, penye 6 na nusu. Weka tarehe ya jana. Kisha endelea kuisogeza mishale mbele mpaka tarehe ibadilike yenyewe. Hapo ndipo saa sita usiku. Sasa endelea hadi wakati uliopo, na kama ni baada ya adhuhuri, zungusha duru moja zaidi. Kazi hiyo hurudiwa mara tano kwa mwaka, kwa kuwa Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba hazifiki siku 31.

Maji, jasho na chumvi

Hakuna maandishi yanayopotosha watu kama "mita 30" nyuma ya kasha. Hayamaanishi kwamba mvaaji anaweza kuzama mita 30. Ni shinikizo la kipimo cha maabara, na katika maisha ya kila siku maana yake ni kuvumilia matone ya mvua na kunawa mikono. Anayeogelea atafute saa ya mita 100 na kuendelea, na asivute kifundo akiwa majini.

Hata saa ya mita 200 haipaswi kuingia bafuni kwenye maji ya moto. Joto hutanua sehemu za kasha, mvuke hupenya mahali ambapo maji hayapiti, na sabuni huchakaza mipira inayozuia maji. Mipira hiyo huzeeka hata bila kuguswa, hivyo saa iliyovumilia bahari miaka kumi iliyopita huenda leo isivumilie mvua ya masika.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, hatari huongezeka kwa sababu ya chumvi na unyevu wa hewa. Jasho nalo lina chumvi. Saa yenye mkanda wa chuma isuguliwe kwa mswaki laini, maji baridi na sabuni kidogo, kifundo kikiwa kimefungwa sawasawa, kisha ikaushwe. Isiyozuia maji ifutwe kwa kitambaa kikavu tu. Iliyoingia baharini isuuzwe kwa maji baridi siku hiyohiyo. Mkanda wa ngozi upewe siku ya kupumzika ukauke.

Ukiona ukungu chini ya kioo, usiianike saa juani wala kuizika ndani ya mchele. Mchele hauwezi kunyonya maji yaliyo ndani ya kasha lililofungwa, na jua hugeuza maji kuwa mvuke ambao hurudi kuwa maji usiku. Saa hiyo hufunguliwa na fundi mapema iwezekanavyo. Kutu huanza upesi, na chuma kilicholiwa na kutu hakirudi.

Sumaku, adui asiyeonekana

Saa ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, mshukiwa wa kwanza ni sumaku. Ile kamani nyembamba kama unywele ikipata usumaku, mikunjo yake huweza kugusana na kulifanya gurudumu lipige haraka kuliko kawaida. Sumaku zimejaa majumbani: kwenye spika, vifuniko vya kompyuta, vifungo vya mikoba na nyuma ya simu za kisasa. Kuiweka saa juu ya spika usiku kucha kunatosha.

Jambo hili lina umuhimu wa kifedha. Kuondoa usumaku ni kazi ya dakika moja kwa kifaa kidogo, na mara nyingi kasha halifunguliwi kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kukubali gharama ya matengenezo makubwa kwa saa inayokimbia, mwombe fundi aipime sumaku kwanza.

Kumchagua fundi

Mwaka 1969 Seiko ilipotoa saa ya kwanza ya mkononi ya betri inayoongozwa na kioo cha kwazi, biashara ya saa za ufunguo ilitikisika dunia nzima. Baadaye simu za mkononi zikawaondolea wengi haja ya kuvaa saa. Kazi ya mafundi wengi leo ni kubadilisha betri na mikanda, na si kila mwenye meza na lenzi ya jicho ni fundi wa mashine.

Matengenezo kamili ni kuivunja mashine kipande kwa kipande, kuosha kila kipande, kukagua kilicholika, kuiunganisha upya, kuweka mafuta ya aina tofauti mahali tofauti, kurekebisha mwendo, kubadilisha mipira na kupima kama kasha linazuia maji. Kuichovya mashine nzima ndani ya petroli, kuipuliza na kuirudisha si matengenezo. Petroli huondoa hata mafuta yaliyosalia, na saa hutembea vizuri kwa miezi kadhaa huku ikisagika.

Muulize fundi maswali matatu kabla ya kumwachia saa. Je, ataivunja yote? Je, ana mashine ya kupimia mapigo, na atakuonyesha vipimo vya kabla na baada? Je, atakurudishia vipuri vya zamani? Mpige picha saa mbele yake, uso na mgongo, na namba ya kasha iandikwe kwenye risiti. Fundi mwaminifu hataona hilo kuwa tusi.

Kazi ikikamilika, andika tarehe kwenye karatasi na uihifadhi pamoja na risiti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Atakayerithi saa hiyo akiikuta na karatasi yake atajua lini ilifunguliwa, nini kilibadilishwa na lini anapaswa kuirudisha kwa fundi. Asiyeachiwa karatasi atalazimika kukisia, na saa itaendelea kutembea kimya mpaka siku itakaposimama.