Tuchague maji kwa kiwango cha mtoto

Vakansi kubwa imefika. Makaye yamewekwa kando, na watoto wanaamka na swali moja: tutaenda ziwani lini? Kwetu Goma, Bukavu, Idjwi, Minova, Uvira, Baraka na Kalemie, ziwa liko karibu na mlango wa nyumba. Hatuwezi kulifunga kwa ufunguo, wala hatutaki. Ziwa linatupa sambaza na ndagala, linatupa maji ya kufua na njia ya kufika sokoni.

Katika mikutano yetu wamama wengi wanauliza: "Wapi ni pazuri pa kuogelea?" Sisi tunaofundisha tunapenda kuanza na swali lingine: anayekwenda kuogelea ni nani? Shuleni hatumpi mtoto wa darasa la kwanza hesabu za darasa la sita, hata kama kaka yake anaziweza. Majini ni vilevile. Tunaangalia kwanza kiwango cha mtoto, halafu tunatafuta maji yanayolingana naye.

Jambo hili si la mchezo. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300 000 hivi walikufa maji duniani. Karibu mmoja kwa kila wanne kati yao alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5.

Wazamiaji wa baharini wanatufundisha nini

Kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, huko Zanzibar, Pemba na Mafia, kuna watu wanaoshuka chini ya bahari wakibeba mtungi wa hewa mgongoni ili kutazama matumbawe na samaki. Kwa kuwa kazi hiyo ina hatari, wameiwekea madarasa kama shule. Katika mfumo unaotumika sana, anayejaribu kwa mara ya kwanza anakwenda na mwalimu pembeni yake na havuki mita 12. Mwenye cheti cha kwanza anaishia mita 18. Aliyeendelea na masomo anafika mita 30, na mpaka wa mwisho kwa wanaozamia kwa starehe ni mita 40. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 hapewi hata cheti cha kwanza.

Mahali pia panapangwa kwa viwango. Mafia, ndani ya ghuba ya Chole, maji yamekingwa na visiwa, na wanaoanza wanaweza kujifunza huko. Kwenye mlango wa ghuba hiyo, mahali panapoitwa Kinasi, maji ya kujaa na kupwa yanapita kwa nguvu, na wanaokwenda ni wenye uzoefu. Pemba inasifiwa kwa kuta zake za matumbawe zinazoshuka wima, lakini mikondo yake inawashinda wanaoanza. Visiwa vyote hivyo ni vizuri. Hata hivyo mwalimu mwenye akili hachagui kwa uzuri. Anauliza mambo manne: kina ni kiasi gani? Mkondo au mawimbi yakoje? Chini kuna nini? Mtu akichoka atatokea wapi?

Tena cheti cha mahali pamoja hakitoshi kila mahali. Ziwa Kivu liko mita 1 460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo aliyejifunza kuzamia Zanzibar hawezi kutumia hesabu zake za baharini kwetu bila kuzibadilisha. Kama kijana wenu atapata siku moja nafasi ya kujifunza kazi hii, mwambieni aulize habari hiyo. Aulize pia saa ngapi lazima zipite baada ya kuzamia kabla ya kupanda ndege. Kwa waliozamia mara kadhaa, ushauri ni kungoja angalau saa 18. Mwalimu asiyejibu maswali hayo waziwazi, asimkabidhi maisha yake.

Sisi wengi hatutabeba mtungi wa hewa kamwe, lakini maswali yao manne yanatufaa sana.

Maziwa yetu mawili hayafanani

Kivu lina kina cha karibu mita 480, na sehemu nyingi za ukingo wake zinashuka kwa ghafla. Mtoto anapiga hatua mbili maji yakiwa ya magoti, na kwenye hatua ya tatu hakuna chini. Upande wa Goma kuna mawe ya volkeno, yanakata miguu na yanateleza. Mamba hawako, na ndiyo maana watu wanalizoea Kivu kupita kiasi.

Lakini kuna mazuku. Ni hewa nzito inayotoka ardhini, haina rangi, na mtu haijui kwa harufu. Inalala kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa upande wa Goma na Sake, hata karibu kabisa na ukingo. Inazidi usiku na alfajiri, wakati upepo haujavuma. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo ndiye anayeivuta kabla ya mtu mzima. Tusiwaache watoto wavue nguo, wacheze au walale ndani ya shimo. Tukiona ndege, mijusi au wadudu wamekufa mahali pamoja, tuondoke. Na kama mtu ameanguka ndani ya shimo la namna hiyo, tusishuke kumfuata. Wengi wamekufa kwa kumfuata wa kwanza.

Tanganyika ni habari nyingine. Kina chake kinafika mita 1 470, na duniani linapitwa na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Uvira, Baraka na Kalemie kuna mahali penye mchanga unaoshuka polepole, na hapo mtoto anaweza kujifunza vizuri. Hatari yake ni ya namna tatu. Upepo ukivuma, mawimbi yanakuwa makubwa kwa muda mfupi. Mamba na viboko wanakaa hasa karibu na mahali mito inapoingia ziwani, kama Ruzizi, na penye majani marefu. Tena maji yaliyotulia penye majani ndiyo yanayopendwa na konokono wanaobeba kichocho. Wamama wa Kalemie waongeze la nne: Lukuga hutoa maji ziwani, haiyaingizi, na karibu na mdomo wake mkondo unavuta.

Kwa hiyo kabla ya siku ya kwenda, tuwaulize wavuvi. Wao wanajua ukingo unakatika wapi, upepo unaanza saa ngapi, na mnyama alionekana wapi wiki hii. Swali hilo halilipiwi.

Madarasa manne ya majini

Tunapendekeza kila mama awapange watoto wake hivi.

Darasa la kwanza ni la asiyejua kuelea. Watoto wote wa chini ya miaka 5 wako humo, hata kama wanaonekana hodari. Maji yasipite kiuno chao, chini kuwe na mchanga unaoshuka polepole, na mtu mzima awe karibu kiasi cha kuwagusa kwa mkono. Kukaa ukingoni ukifua na kugeuka mara kwa mara hakutoshi. Wasielee kwa kushikilia bidoni au mpira, kwa sababu vitu hivyo vinaponyoka mkononi.

Darasa la pili ni la anayeelea. Kipimo chake ni rahisi: alale chali juu ya maji bila kugusa chini, nasi tuhesabu polepole hadi 60. Akiweza, maji yanaweza kufika kifuani. Tukimpima, tusimame karibu naye.

Darasa la tatu ni la anayeogelea mita 25 bila kupumzika, kisha akaweza kugeuka chali na kupumua. Huyu aogelee sambamba na ukingo, asielekee katikati ya ziwa. Anayeelekea katikati anamaliza nguvu zake akienda, na anakumbuka kurudi wakati mikono imechoka.

Darasa la nne ni la vijana wanaotaka kupiga mbizi au kuruka. Hao ndio wanaotudanganya kwa sababu wanaogelea kweli. Kwao kuna sheria. Wapime kina kwanza, tena waingie kwa miguu. Kutanguliza kichwa kutoka kwenye jiwe au pirogi kunavunja shingo. Wasipige mbizi peke yao. Wasishindane nani atakaa chini muda mrefu. Tena wasipumue harakaraka mara nyingi kabla ya kushuka, kama vijana wengi wanavyofundishana. Kupumua hivyo hakuongezi hewa mwilini kama wanavyofikiri. Kunaondoa ile hamu ya kupumua inayomwambia mtu apande, na kijana anazimia chini ya maji bila kusikia onyo lolote.

Mtoto hapandi darasa kwa sababu ametimiza miaka 12, au kwa sababu jirani yake amepanda. Anapanda akishinda kipimo. Na akibadilisha maji anaweza kushuka darasa: aliye wa tatu kwenye mchanga wa Baraka, tumhesabu wa pili kwenye mawe ya Goma mpaka tumemwona.

Jambo moja halina madarasa, nalo ni jile ya kuokoa. Kila anayepanda boti au pirogi aivae, hata bingwa wa kuogelea. Hatujasahau boti iliyozama tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024 karibu na bandari ya Kituku, Goma, wakati watu wa ukingoni walikuwa wanaiona kwa macho.

Kuzama hakuna kelele

Tusingoje kusikia sauti. Anayezama mara nyingi hawezi kuita, kwa sababu mdomo wake unatafuta hewa. Kichwa kinarudi nyuma, mikono inakandamiza maji pembeni, na baada ya muda mfupi sana haonekani. Mtoto aliyekuwa anapiga kelele akinyamaza, tumtazame hapohapo.

Tukiona hivyo, tusiruke majini bila kujua kuogelea. Tumtupie kitu kinachoelea. Bidoni tupu ya lita 20, imefungwa vizuri kifuniko na kufungwa kamba, inaweza kumshikilia mtu hadi avutwe. Tawi refu au kitenge pia vinasaidia aliye karibu.

Akitolewa na hapumui, tumlaze chali mahali pagumu, tuinue kidevu, tumzibe pua na kumpulizia pumzi 5 mdomoni. Akiwa bado hapumui, tukandamize katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, halafu pumzi 2, na kuendelea hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Tusimning'inize kichwa chini, tusimkandamize tumbo ili maji yatoke. Hayo yanapoteza dakika anazozihitaji. Hata akiamka na kucheka, afikishwe kwenye kituo cha afya, kwa sababu mapafu yanaweza kuharibika baadaye.

Kazi kwa makundi yetu

Kila kundi linaweza kufanya mambo matatu mwezi huu bila kungoja mfadhili. La kwanza, kutembelea ukingo wa kartie pamoja na mvuvi mmoja na kukubaliana mahali pa darasa la kwanza na la pili, na mahali pasipoguswa. La pili, kuweka bidoni yenye kamba hapo, na zamu ya wamama wawili siku za watoto kuogelea. Wa zamu hafui, hashiki simu, hazungumzi na wateja. La tatu, kutafuta mtu mzima anayeogelea vizuri, mwanamke akipatikana, awafundishe watoto kuelea.

Katika hilo la tatu tusiwaache wasichana. Nyumba nyingi zinamwacha mvulana ajifunze na kumwambia msichana kwamba kuogelea hakumfai. Lakini ndiye tunayemtuma kuchota maji asubuhi na jioni, na ndiye anayempeleka mdogo wake mgongoni. Anakutana na ziwa kila siku. Na sisi wamama tusiojua kuelea, hatujazeeka kwa kujifunza. Maji ya kiuno yanatosha kuanzia.

Tarehe 25 mwezi huu wa saba ni siku ambayo Umoja wa Mataifa umeiweka kwa ajili ya kuzuia watu kufa maji. Tunaomba kila kundi lifike tarehe hiyo likiwa limechagua mahali pake na limefunga kamba kwenye bidoni yake. Mtakapokutana, mtuletee habari: ni mahali gani mmepachagua, na ni watoto wangapi wameelea hadi 60.