Uadilifu wa Muuzaji katika Mnada wa Mtandaoni

Somo la leo lahusu mnada. Si ule wa gulioni, bali mnada wa mtandaoni, unaofanyika kwa simu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: MNADA, KASORO, HAKI.

Mnada ni nini? Ni uuzaji ambao wanunuzi hushindana kutaja bei, na anayetaja bei ya juu kabisa ndiye apataye mali. Gulioni unamwona ng'ombe. Unamtazama meno, unamtembeza uone kama anachechemea. Mtandaoni huoni kitu ila picha na maneno machache. Basi maneno ya muuzaji ndiyo macho ya mnunuzi. Muuzaji akificha kasoro, mnunuzi ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuchukue mfano. Tuseme wewe uko Iringa, nawe wanadi cherehani kikuukuu kwa simu. Mtu wa Mbeya, zaidi ya kilometa 300 kutoka kwako, anashinda mnada. Anakutumia fedha alizoziweka miezi mingi ili aanze kazi ya kushona. Cherehani kinafika kwa basi, lakini gurudumu halizunguki. Afanye nini? Kukirudisha ni nauli nyingine, na kazi aliyoitarajia imekwama. Kwako ulikuwa uongo mdogo. Kwake ni riziki.

Basi muuzaji mwadilifu afanye mambo manne.

Kwanza, aseme kasoro. Mwaka 1995, huko Marekani, Pierre Omidyar alianzisha mnada wa mtandaoni ambao baadaye uliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha leza kilichovunjika. Mnunuzi alijua kwamba ni kibovu, akakitaka vivyo hivyo, akalipa dola 14.83. Mwaona? Hata kitu kibovu hupata mnunuzi, maadamu ukweli umesemwa.

Pili, ataje gharama zote mapema. Kama nauli ya mzigo italipwa na mnunuzi, aambiwe kabla hajataja bei, siyo baada ya kushinda.

Tatu, asipandishe bei kwa hila. Wako wauzaji wanaomtuma ndugu au rafiki ataje bei za uongo, ili mnunuzi wa kweli azidi kupanda. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, yakataza muuzaji kushindana katika mnada wake mwenyewe, au kumtuma mtu kwa niaba yake, bila ya kutangaza kwanza kwamba ana haki hiyo. Akifanya hivyo kwa siri, mnunuzi aweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ni ya udanganyifu. Wala asidhani kwamba mapatano ya simu ni maneno matupu: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yayatambua mapatano yaliyofanywa kwa mtandao.

Nne, amwache mnunuzi aseme. Katika minada hii mnunuzi huandika kama alitendewa vema au vibaya, na wengine husoma kabla ya kununua. Zamani katika eBay muuzaji naye aliweza kumwandika mnunuzi vibaya. Kwa hiyo wanunuzi wengine waliogopa kulipiziwa, wakanyamaza. Mwaka 2008 eBay iliwaondolea wauzaji uwezo huo. Mnunuzi akiogopa kusema, atakayefuata naye ataumia.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni, kizuri cha kwanza ni jina lako. Ukiuza cherehani mara moja kwa uongo, umeuza na jina pamoja nacho.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini mnunuzi wa mtandaoni amtegemea muuzaji kuliko mnunuzi wa gulioni?

2. Andika tangazo fupi la kuuza baiskeli yenye breki mbovu. Usifiche neno.