Kitabu hukaa kichwani kikisimuliwa

Jumapili moja nyumbani kwa mama, Makongeni mjini Thika, binti yangu alifunga *Unbowed*, kitabu ambacho Profesa Wangari Maathai alisimulia maisha yake mwaka 2006. Tulipokuwa kwenye matatu kutoka Ruiru alikuwa amesoma mara mbili habari za mti wa mugumo uliokuwa karibu na kwao Profesa, Ihithe, Nyeri, na kijito kilichokauka baada ya mti huo kukatwa.

"Mti na maji vinahusianaje?" mama akamuuliza.

"Shosho, ulikatwa, halafu maji yakaisha."

"Hilo umeshaniambia. Nauliza kwa nini."

Kimya. Mtoto hakuwa mvivu wala mzito wa kuelewa. Ubongo ulikuwa umemdanganya, kama unavyotudanganya sote. Mwaka 2002, Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwauliza watu wanaelewa kiasi gani jinsi zipu au kufuli inavyofanya kazi. Wengi walijipa alama za juu. Walipotakiwa kueleza hatua kwa hatua, walijishusha wenyewe. Jambo likishazoeleka machoni, tunadhani tumelielewa.

Kurudia kusoma huongeza mazoea hayo. Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo makala fupi za sayansi. Baadhi walizisoma tena. Wengine waliziweka kando wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka takriban asilimia 42, na wale waliojikumbusha bila kuangalia asilimia 56. Kila unapolitafuta jambo kichwani na kulipata, kulipata tena huwa rahisi zaidi.

Ndiyo maana mazungumzo ya nyumbani yana nguvu. Anayekusikiliza hana kitabu mkononi, kwa hiyo huna budi kukitoa kichwani. Na kitabu cha mambo ya kweli kina faida nyingine: wazee wanaweza kukipima kwa waliyoyaona. Mama alituambia kwamba utotoni mwake hakuna aliyethubutu kuokota hata kuni za mugumo, onyo lile lile alilopewa Wangari na mamake. Jambo jipya likipata la zamani la kushikamana nalo, halipotei upesi.

Binti akafungua kitabu tena, safari hii akitafuta jibu. Akachora kwa biro pembeni mwa gazeti: mizizi inapenya mwamba hadi kwenye maji yaliyo chini, maji yanapanda kando ya mizizi, yanabubujika penye bonde. Kisha akamweleza shosho kwa Kikuyu. Kwangu hapo ndipo penye faida kubwa, maana huwezi kuhamisha kwenda lugha nyingine wazo usilolielewa.

Wazee nao huenda wakanufaika. Utafiti wa mwaka 2003 uliofuatilia watu 469 wa zaidi ya miaka 75 mjini New York ulionyesha kuwa waliosoma mara kwa mara walipata kwa uchache zaidi maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Hilo si uthibitisho kwamba kusoma ni kinga. Huenda maradhi, yanapoanza polepole, humfanya mtu aache vitabu mapema. Mzee anayeacha kusoma apimwe macho kwanza. Mama alipopata miwani, gazeti lilirudi mezani.

Ukitaka kujaribu hivi na mtoto nyumbani, kurasa 5 zinatosha kwa siku. Lakini maswali yasigeuke mtihani; mtoto anayeogopa kukosea atakariri tu.

Alhamisi jioni huko Ruiru, tukiosha vyombo, nilimuuliza tena. Mizizi, mwamba, maji, vyote alivitaja. Jina la kijiji ndilo lililomtoka. Akakausha mikono, akampigia shosho simu.

"Ihithe," sauti ikajibu kabla hajamaliza swali. "Sasa niambie, baada ya kijito kukauka, Wangari alifanya nini?"